Asali Ndani ya Bunduki ya Hewa

Mimi ni dereva. Kwa miaka niliyoendesha gari la ofisi hapa Embu nimebeba chanjo za ng'ombe, mbuzi wagonjwa, wakubwa walevi, na mara moja jeneza. Sijawahi kuogopa mzigo. Ni mzigo mmoja tu uliowahi kunitoa jasho nikiwa nimekaa, nao ni bunduki ya hewa ya dakitari wetu wa wanyama, kitu ambacho hata mtoto wa shule angekibeba bila kulalamika.

Nieleze ni bunduki gani, maana watu wakisikia bunduki wanawaza mambo mengine. Hii haina risasi. Inapuliza. Unaijaza hewa kwa pampu, kuna geji ndogo ubavuni inayoonyesha nguvu, halafu nyuma ya mtutu unaingiza sindano yenye manyoya mekundu. Ukifyatua, hewa inaitupa ile sindano, inamchoma mnyama, dawa inaingia, naye analala atibiwe. Nilipoiona mara ya kwanza nilicheka. Mimi nimezaliwa Kanyakine, kwetu ni chai, migomba na baridi, na mnyama mkali tuliyemjua ni jogoo wa jirani. Nikamwuliza dakitari, "Kweli huu mrija ndio unaangusha ndovu?" Akasema ndiyo, na hakucheka.

Dakitari huyo haongei. Ni kijana mrefu aliyetoka upande wa ziwa, na kutoa neno kwake ni kama kung'oa muhogo wakati wa kiangazi. Lakini kwa habari ya ile bunduki alinieleza mpaka mwisho. Ndani kuna mipira midogo inayozuia hewa isivuje. Ikigongwa, ikiingia mchanga, ikishika uchafu, nguvu inapungua na sindano inakwenda polepole. Sindano ikikwenda polepole, dawa inaingia nusu. Na nusu ndiyo mbaya kuliko kukosa kabisa, kwa sababu ndovu aliyelewa nusu hutafuta maji, na akianguka kwenye maji hainuki tena.

Tangu siku hiyo nilibadilika barabarani. Mimi, ambaye nilikuwa naruka matuta ya Embu yote kama sina mgongo, nikaanza kuyapanda kwa adabu ya mtu anayeingia kanisani amechelewa. Wenye magari walinipigia honi nyuma nikawajibu kwa maneno ambayo sitayaandika. Sanduku la bunduki lilikuwa limevunjika bawaba, na ombi la sanduku jipya lilikuwa limelala ofisini kwa mtu, kwa hivyo tuliifunga kwenye blanketi, tukailaza kiti cha nyuma na kuifunga mkanda. Ilikuwa ndiyo abiria pekee aliyefunga mkanda bila mimi kugombana naye. Na ilikuwa moja tu kwa upande wetu wote.

Basi kule Kiambere, karibu na bwawa, kulikuwa na mama mzee aliyekuwa akipiga simu ofisini kila siku. Alisema kuna ndovu jike amesimama nje ya ua wake, ana waya wa mtego kwenye mguu wa mbele, mguu umevimba, wenzake wamevuka na kumwacha. Hakumwita ndovu. Alimwita mgonjwa wangu. Ofisini walimcheka kidogo, nami nilicheka nao, mpaka siku niliyopokea simu yake mimi mwenyewe. Mimi na yeye tulielewana, kwa sababu Kimeru changu na Kimbeere chake si mbali sana. Aliniambia, "Jana usiku alikuwa analia kwa tumbo. Sauti haitoki, lakini ardhi inatetemeka, nikiweka mguu mtupu chini naisikia." Nilikaa na ile simu mkononi hata baada ya yeye kukata.

Tulipopata ruhusa ya kwenda, tulipewa pia askari wa wanyamapori mwenye bunduki ya kweli, ile ya kupasua masikio. Huyo tulimwita afande. Alituambia njiani alichoagizwa na wakubwa wake. Yule ndovu alikuwa ameshamkimbiza mtu mmoja aliyekwenda kuchota maji, na watu wa kule walikuwa wamechoka. Leo ni dawa ama ni risasi. Dawa ikikataa, yeye atafanya kazi yake. Hakusema kwa ubaya, alikuwa akitazama nje ya dirisha.

Tulishuka kutoka kwenye baridi ya Embu, tukapita Siakago na Kiritiri, joto likipanda kila tulipokata kona, mpaka tukafika kwenye ule ua. Kwanza nilidhani ni ua wa kawaida wa vigingi. Halafu nikaona kati ya kigingi na kigingi umening'inizwa mzinga, na mizinga yote imeunganishwa kwa waya mmoja, kuzunguka shamba lote la ndengu na mtama. Ndovu akigusa waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, na ndovu hataki kabisa mchezo na nyuki. Shamba dogo vile, linalindwa na vidudu dhidi ya mnyama mkubwa kuliko nyumba yenyewe. Nilisimama nikaangalia mpaka dakitari akanigusa bega.

Afande alikwenda kuchungulia akarudi na habari kwamba mgonjwa ameingia kwenye kichaka kizito, tusubiri atoke jioni jua likipungua. Yule mama mzee wa simu, cucu, maana ndivyo tunavyowaita nyanya zetu, alikuwa amekwisha kuchinja kuku. Dakitari alitaka kukaa na vifaa vyake, nikamwambia kwa Kiswahili, huku nikitabasamu ili cucu asishtuke, "Wewe ingia ule, ama tutarudi Embu na laana." Akaingia. Tulikula ugali wa mtama na kuku, na cucu akatuuliza swali moja, kupitia kwangu.

"Ile ya afande ikilia nitajua ni kwisha?"

Nikamjibu ndiyo.

"Na yenu inalia vipi?"

Nikasema yetu hailii, inapumua tu. Akatikisa kichwa, akatuongezea mchuzi.

Sasa, kwa watu wa huku mgeni hapewi zawadi mkononi, kwa sababu ataanza kukataa kwa adabu na mtashinda hapo. Zawadi inawekwa kwenye gari wakati yeye anakula, na inawekwa mahali pa heshima, si nyuma pamoja na jeki na spana. Cucu alitoka katikati ya chakula, nikadhani ameenda kuangalia moto. Kumbe alikwenda kwenye gari letu na mtungi wa plastiki uliokuwa wa mafuta ya kupikia, sasa umejaa asali mbichi ya mizinga ile ile ya uani. Kifuniko kilishapotea, akauziba kwa gunzi la mahindi kama wanavyofanya wote. Akatazama ndani ya gari, akaona blanketi laini limefungwa mkanda kwenye kiti. Mahali gani pa heshima kuliko hapo? Akaulaza mtungi juu ya blanketi, akaupitisha chini ya mkanda huo huo usianguke.

Gari lilikuwa juani. Asali mbichi ikipata joto inavimba na kutoa hewa, na gunzi si kifuniko. Dakitari alipofungua mlango, harufu tamu ilitoka kwanza. Halafu tukaona blanketi limelowa, zito, linang'aa, na asali inadondoka polepole kutoka ukingo wa kiti.

Nilitafuta mtu wa kumkasirikia nikamkosa. Cucu hakukosa. Dakitari hakukosa. Nikalichukua lile gunzi lililofyatuka, nikalitukana kwa Kimeru, nikalitupa mbali. Dakitari alikuwa ameshaifunua bunduki na kuishika kwa vidole viwili. Asali ilikuwa imeingia kwenye mtutu, imejaa pale pa kuwekea sindano, imeshika kidude cha kufyatulia. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Asijue," akasema.

Ilikuwa ndiyo mara ya kwanza tukaona kitu kimoja kwa jicho moja. Utamwambia nini mtu aliyepiga simu kila siku kwa ajili ya ndovu, kwamba asali yake ndiyo itamwua? Tulilivuta gari kwa mkono nyuma ya ghala lake. Dakitari akaipiga pampu, akaweka sindano tupu, akalenga gunia la makapi lililokuwa karibu kabisa. Bunduki ikakohoa. Sindano ikatoka ikiwa imechoka, ikaanguka kabla ya gunia, ikajilaza kwenye vumbi.

Tulihitaji maji moto. Nikaenda kuomba, na cucu kwa furaha yake akadhani tunataka kunawa vumbi la safari. Akaniletea karai, sabuni na taulo safi, akasimama hapo amwage mwenyewe. Ilibidi ninawe uso, shingo, mikono na miguu, nikimshukuru na kumpigia hadithi, ndipo akaniachia maji yaliyobaki. Wakati huo dakitari alikuwa amejikunyata nyuma ya gari na pamba na spiriti yake, jasho likimdondokea puani. Aliisafisha mpaka pamba ikaisha. Akajaribu tena. Kidude cha kufyatulia kikakwama nusu njia. Aliinua macho akatazama jua, nami nikalitazama.

Ndipo wakaja nyuki.

Kwanza alikuja mmoja, akatua juu ya mtutu, akatembea kidogo, akaondoka. Aliporudi hakuwa peke yake. Sijui wanaambianaje, lakini kabla sijamaliza kufunga vifungo vya koti nilisikia mvumo ukitoka uani, na dakitari akaiweka bunduki juu ya boneti wazi vile ilivyokuwa, akanisukuma ndani ya gari tukafunga vioo. Afande, aliyekuwa ameingia kulala kiti cha mbele baada ya chakula, aliamka akataka kujua kuna nini. Nikamwambia kuna kazi inafanyika, alale.

Sikuwahi kuona kitu kama kile na sidhani nitakiona tena. Bunduki ilipotea. Pale juu ya boneti palikuwa na kitu kirefu cha rangi ya kahawia kinachotembea mahali pamoja. Waliingia kwa mdomo wa mtutu kwa foleni, na kwa kuwa dakitari alikuwa ameuacha wazi nyuma, walitokea upande wa pili wakiwa wameshiba, wakaruka kurudi kwenye mizinga. Waliingia kwenye kila tundu ambalo kijiti cha pamba hakikufika. Hawakuwa na hasira hata kidogo. Ndani ya gari joto lilitupika, hakuna aliyejali. Dakitari alikuwa ameweka paji la uso kwenye kioo kama mtoto dukani, na nilimsikia akisema, kwa sauti ya mtu aliye peke yake, "Wanachukua yao."

Cucu akatokea. Akasimama kando, mikono nyuma, akatazama gari lililofunikwa nyuki.

"Wanakula nini hapo?" akauliza.

Nikateremsha kioo kidogo sana. "Hatujui, cucu. Labda wanatusalimia."

Alitazama muda mrefu. Akasema tusiwapige, watamaliza waende, akarudi jikoni kwake. Nikashukuru Mungu kwa kuwa hakusogea karibu.

Na kweli walimaliza wakaenda. Waliondoka wakipungua vivi hivi, mpaka wakabaki wachache wa kukagua, halafu hakuna. Dakitari aliipangusa bunduki kwa shati lake, na shati halikunata. Akavuta kitambaa kikavu ndani ya mtutu, kikatoka kikavu. Akapiga pampu, akaweka sindano tupu, akalenga mti wa mukau uliokuwa mbali kuliko gunia. Nilisikia pff, kama mtu anayetema mbegu, na manyoya mekundu yakawa yamesimama kwenye gome la mukau. Hata hivyo hakufurahi. Aliniambia mara moja siyo mara mbili, na mipira ya ndani hawezi kuiona. Inaweza kushika leo na kuachia wakati wenyewe. Mimi nilikuwa nimeanza kucheka, nikaacha.

Afande akaita kwa mkono. Mgonjwa alikuwa ametoka.

Nilidhani najua ndovu ni nini. Alikuwa amesimama mahali pa wazi, kati ya kichaka na maji, ameinua ule mguu kidogo, ametulia namna ambayo mtu mgonjwa hutulia akiogopa kujigeuza. Bwawa lilikuwa nyuma yake, linameta. Nilikuwa kwenye usukani, mkono kwenye ufunguo, na niliona vitu vitatu tu: ndovu, maji, na bunduki ya afande ikishushwa begani. Dakitari alikwenda kwa miguu, ameinama, upepo ukimjia usoni. Nilisali. Sikumwombea dakitari, Mungu anisamehe, niliiombea mipira.

Pff.

Manyoya mekundu yakasimama kwenye paja la mgonjwa. Ndovu akaruka kwa woga, akageuka, akatembea kuelekea maji.

Nilishika usukani mpaka vidole vikaniuma. Kama dawa imeingia nusu, tutajua kwa miguu yake, ndivyo dakitari alivyokuwa amesema. Ndovu alikwenda akichechemea. Afande akainua bunduki yake ikafika begani. Mgonjwa akaendelea kwenda. Halafu akapunguza, kama mtu aliyekumbuka kitu, akasimama, akayumba, miguu ya nyuma ikakunjika kwanza, na akajilaza ubavu kwenye nchi kavu. Vumbi lilipanda, lilipotua alikuwa amelala, na maji yalikuwa mbali naye. Afande aliishusha bunduki akajifuta uso kwa kofia.

Dakitari aliniita kwa jina langu la nyumbani, hajawahi. Alinipa kijiti, akaniambia nipige magoti mbele ya mkonga, nikiweke kwenye ncha yake ili pua isijifunge, na nisitoke hapo. Yeye na afande wakaenda kwenye mguu na mkasi wa chuma. Kwa hivyo siwezi kueleza walivyoukata ule waya, nilisikia tu ulipolia na kuachia. Mimi nilikuwa nimeshika pumzi ya ndovu. Ilitoka ndefu, ya moto, na harufu ya majani yaliyotafunwa, ikanipuliza mikono mpaka kwenye viwiko, halafu ikaingia tena, na kila ilipochelewa nilichelewa nayo. Jicho lake lilikuwa wazi kidogo na kope zake ni ndefu, hakuna aliyewahi kuniambia ndovu wana kope. Nililia. Sikuwa na huzuni yoyote, nililia kwa sababu uhai ule ulikuwa mkubwa sana na ulikuwa mikononi mwangu.

Walimsafisha kidonda, dakitari akamdunga dawa ya kumwamsha, tukakimbia garini. Aliinuka kwa kusukuma ardhi mara kadhaa, akasimama, akaujaribu mguu. Akauweka chini. Akaweka uzito wake wote juu yake, akatembea.

Tulirudi kwa cucu tukiwa na maneno mengi, hata dakitari. Hapakuwa na mtu uani. Tukabisha, kimya. Nikaingia jikoni nikamkuta amekaa kwenye kigoda, ameupa mlango mgongo, amejiziba masikio kwa viganja vyake viwili. Nilimwita, hakusikia. Nikamgusa bega akatetemeka lakini hakutoa mikono. Ilibidi nipige magoti mbele yake, nimshike vifundo vya mikono, niitoe taratibu, mmoja na wa pili. Ilikuwa imekakamaa, alikuwa amekaa hivyo tangu tulipoondoka.

"Imelia?" akauliza.

"Haijalia, cucu."

"Usinidanganye tena," akasema. "Nyuki wangu nawajua. Hawaendi kwa gari la watu bure. Nilikuja nikaona wanakotoka na wanakoingia, nikajua ni asali yangu imeingia kwa kitu chenu. Nikasema leo ikilia, aliyemwua ni mimi."

Tulikuwa tumemficha jambo kwa heshima, na heshima yetu ndiyo ilimkalisha kwenye kile kigoda peke yake. Dakitari alikuwa mlangoni. Hakuelewa maneno, lakini aliona mikono yake mikononi mwangu. Akaja, akainama na urefu wake wote, akafungua kitambaa na kumwonyesha ule waya uliokatwa.

Cucu aliupokea. Aliupitisha kwenye vidole, mpaka pale palipokauka damu na nywele za mgonjwa, akaulaza kwenye mapaja. Halafu akavua kiatu cha mguu mmoja, akaukanyaga mguu mtupu kwenye sakafu ya udongo, na kutuashiria kwa kidole tunyamaze.

"Anatembea," akasema.

Nami nikavua changu.